Karatasi yangu iliharibu kahawa: namna ya kuandika utaratibu wa kazi na kuutunza



Leo nataka kueleza kitu chenye hawakutufundisha kwenye fakulte, ao kama walitufundisha basi mimi nilikuwa nimelala: namna ya kuandika utaratibu wa kazi ndani ya biashara, ili kazi iende hata siku yenye wewe hauko, na namna ya kuutunza ule utaratibu usioze. Wakubwa wanaita hiyo "prosedire". Wengi wetu tukisikia hilo neno, tunaona mara moja bosi, makaratasi mingi na sinyatire. Mimi pia niliona vile. Ndiyo sababu nilifanya kosa, na kosa langu lililipwa na mutu mwingine. Nitaanza na hilo, kiisha tutaingia kwenye mafundisho.

Kosa lenyewe

Nilimaliza lisansi ya agronomia, nikazunguka na diplome yangu karibu miaka miwili, kiisha nikapata kazi kwenye stasio moja ndogo ya kuosha kahawa upande wa Kalehe, kwenye milima ya ziwa Kivu.

Kwa wenye hawajui kahawa, kazi inaenda hivi. Walimaji wanaleta matunda mekundu kila mangaribi, tunayapima, tunayatia ndani ya maji ili kutoa yenye inaelea. Mashini inamenya ganda la juu. Mbegu inabaki na ute mutamu wenye kuteleza. Tunaitia ndani ya tanki ya sima, inakaa pale masaa fulani, ule ute unaoza na kuachana na mbegu. Kiisha tunaosha na maji safi na kuanika kwenye meza wiki mbili ao tatu, mpaka unyevu ushuke kwenye 11 ao 12 kwa mia. Kilo 5 hivi za matunda zinatoa kilo 1 ya kahawa kavu yenye ganda la ndani, yenye tunaita parche.

Mahali pa hatari ni kwenye tanki. Ukiosha mbele ya wakati, ute unabaki. Ukichelewa, kahawa inageuka siki, na mwonjaji wa munumuzi anaisikia ndani ya kikombe hata kama wewe hausikii kitu.

Mwaka wangu wa kwanza, kwenye tanki alikuwa muzee mumoja mwenye kufanya hiyo kazi tangu zamani. Hakuandika kitu. Nikajisemea: hapa ndipo diplome itatumika. Nikakaa kwenye kompyuta siku tatu, nikaandika mambo ya kurasa 14, Kifaransa kizuri, na tablo. Kwenye ukurasa wa 9 niliandika: kahawa ikae kwenye tanki masaa 18 mpaka 24. Ile namba sikuitoa hewani. Niliisoma ndani ya kitabu, na kwa usiku wa baridi na mvua kwetu kule juu inaweza kufaa. Mukubwa wa stasio akasoma ukurasa wa kwanza, akatia sinyatire, karatasi ikatundikwa kwenye ofisi.

Mwezi wa tano, muzee akaenda kwao kwa kilio. Akabaki kijana mwenye alikuwa anamusaidia. Ile siku matunda yalifika mara mbili: ya kwanza yalimenywa saa kumi ya mangaribi, ya pili saa tatu ya usiku, juu pikipiki zilichelewa. Yote yakatiwa ndani ya tanki moja. Usiku ulikuwa wa joto, siku yenye ilifuata pia. Kijana akahesabu masaa 18 tangu muzigo wa pili, akaosha saa tisa ya kesho yake. Kwa ule muzigo wa kwanza, hayo yalikuwa masaa 23, ndani ya joto.

Karibu kilo 560 za parche zikaharibika. Tuliziuza kama kahawa ya chini kabisa. Mukubwa akaamua kumukata kijana mushahara wa mwezi. Mimi nilikuwa pale, nikanyamaza.

Siku mbili nyuma yake, yule kijana akanikuta kwenye meza za kuanikia, akaniambia kwa upole: "Agronomu, mimi nilisikia harufu ya siki tangu saa tano ya asubuhi. Lakini karatasi yako ilisema ningoje."

Nilikosa jibu. Kila mutu alisema kijana hakufuata utaratibu, kumbe yeye peke yake ndiye aliufuata. Mangaribi nikaenda kwa mukubwa, nikamwambia kosa ni la karatasi na karatasi ni yangu. Mushahara wake ukarudishwa, nusu ikatoka kwa wangu. Sisemi hiyo ili munisifu: nilichelewa siku mbili, na zile siku mbili naziona mpaka leo.

Utaratibu ni kitu gani?

Kutoka pale nilijifunza hivi: utaratibu ni yale maneno kidogo yenye yanawezesha mutu wa kawaida kufanya kazi vizuri siku yenye mujuzi hayuko. Kama karatasi haiwezi hiyo, ni pambo la ukuta. Na kama inamuzuia mutu kutumia pua yake, ni afazali isingekuwa.

Utaratibu muzuri unajibu maulizo sita: nani anafanya, wakati gani, na vyombo gani, hatua kwa hatua gani, anajua namna gani kama imekuwa vizuri, na kama inaharibika afanye nini. Karatasi mingi zinajibu maulizo manne ya kwanza na kusahau mbili za mwisho. Yangu pia ilisahau zile mbili. Ilisema masaa, haikusema dalili. Ilisema ngoja, haikusema ni wakati gani mutu ana ruhusa ya kukataa kungoja.

Wenye walikuwa Beni, Butembo ao Goma wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, wanakumbuka ndoo za klore kwenye milango. Maji ya kunawa mikono yanakuwa na klore ya 0.05 kwa mia. Maji ya kusafisha sakafu na vyombo vichafu, 0.5 kwa mia. Tofauti ni mara kumi. Ukibadilisha ndoo, unaunguza mikono ya watu, ao unapangusa sakafu na maji yenye ni mepesi kwa ile kazi. Pale hauwezi kusema "tia klore kidogo". Kipimo kinapaswa kuandikwa, na kiandikwe juu ya ndoo yenyewe, hapana kwenye kitabu chenye kiko ofisini. Hata kwa biashara ni vile: maneno yakae pale mikono inafanyia kazi.

Namna tulianza upya

1. Chagua kazi kidogo. Kosa letu sisi wasomi ni kutaka kuandika kila kitu. Tulikaa chini na wafanyakazi, tukauliza neno moja: ni wapi tunapoteza feza ao tunapoteza uaminifu wa watu? Yakatoka mambo matano: kupima kilo za mulimaji, tanki, kufunika meza, kupokea kahawa kwenye depo, na kuhesabu kesi mangaribi. Tukaandika yale matano tu. Kupiga fagio hakuhitaji karatasi.

2. Angalia mikono mbele ya kuuliza kinywa. Muzee aliporudi nilimuuliza: "Papa, unajuaka namna gani kama kahawa imeiva kwenye tanki?" Akajibu: "Mimi nangojea tu." Hakuwa ananificha. Mutu mwenye amefanya kazi miaka mingi, mikono yake inajua vitu vyenye kinywa hakijui tena. Basi nikakaa naye siku mbili bila kuuliza, kaye kwa mukono. Nikaona anaingiza fimbo ndani ya kahawa na kuitoa: shimo likijifunga, bado, shimo likibaki wazi, imeiva. Nikaona anachukua kahawa kidogo, anaitia ndani ya maji, anaisugua kwa mikono: ikiteleza, bado, ikilia kama changarawe, tayari. Nikaona ananusa. Nikaona pia asubuhi ya joto anakuja mapema kuliko asubuhi ya baridi. Vitu vinne, na hakuna hata kimoja kwenye kurasa zangu 14.

3. Andika kwa luga ya mwenye kufanya. Kwenye stasio watu wanasema Kiswahili, na nyumbani Kihavu ao Mashi. Kifaransa changu kilikuwa cha kujifurahisha mimi na mukubwa. Tukaandika Kiswahili chetu, hiki munasoma, maneno mafupi, kila hatua inaanza na tendo: pima, andika, osha, ita. Kwa wenye hawasomi, tukachora. Kijana mumoja wa depo anajua kuchora kuliko sisi wote.

Kwa masaa, mufanye angalisho. Mutu mumoja aliandika "10" kwenye kibao, akimaanisha saa kumi ya mangaribi. Mwenye kuja usiku akasoma kumi ya Kifaransa, kusema ya kwamba saa ine ya asubuhi. Ni masaa sita ya tofauti ndani ya namba moja. Tangu pale tunaandika 16h00, na kila mutu mupya anafundishwa hiyo siku ya kwanza.

4. Pea karatasi mutu mwenye hajui ile kazi, kiisha funga kinywa. Hiyo ndiyo mitihani ya kweli. Tulipea mama mumoja wa kuchagua kahawa karatasi ya kufunika meza, tukamwambia afanye. Karatasi ilisema: "Saa sita, jua likiwa kali, funika kahawa." Akachukua plastiki, akafunika. Jua na plastiki vinapika kahawa! Kwa jua tunafunika na wavu wa kivuli. Plastiki ni ya mvua na ya usiku. Nilitaka kupiga kelele, muzee akanishika mukono. Yule mama alifanya sawasawa na vile tuliandika. Tukarekebisha karatasi, hapana mama.

5. Ukurasa mumoja, basi. Ikipita ukurasa mumoja, ni kazi mbili: zigawe.

Ule ukurasa wa tanki

Wengi wananiombaka mufano. Huu ndio wetu, vile uko leo kwenye ukuta wa tanki, ndani ya plastiki:

Utaratibu namba 2: Kuosha kahawa ya tanki. Toleo la 5. Mwenye kuutunza: mukubwa wa tanki.

Moja. Kila tanki, muzigo mumoja. Kahawa yenye imemenywa nyuma inaenda kwenye tanki ingine.

Mbili. Andika kwenye kibao: saa ya kuingiza (mufano 16h00), kilo, na kama ni baridi ao joto.

Tatu. Kuanzia masaa 10, pima kila saa: fimbo, mikono, harufu.

Ine. Shimo la fimbo likibaki wazi, na kahawa ikilia kwa mikono: osha sasa hivi, hata kama ni usiku.

Tano. Ukisikia siki: osha sasa hivi. Usiulize mutu. Andika kwenye kaye.

Sita. Masaa 20 yakifika na kahawa ingali inateleza: ita mukubwa wa tanki. Kama hakuna reso, tuma mutu kwa miguu.

Ni hayo tu. Angalia hatua ya tano. Ni ya kijana wetu. Tulimuuliza tuandike namna gani, akasema: "Andikeni kwamba siulize mutu." Kwa wakubwa wengi hilo neno linaogopesha, juu linatoa ruhusa kwa mutu mudogo. Lakini bila ile ruhusa, utaratibu unamufunga mutu pua na macho, kiisha unamukata mushahara juu hakunusa.

Kutunza: pale wengi wanaangukia

Kuandika ni kazi ya wiki mbili. Kutunza ni kazi ya kila siku ya Mungu, na ndiyo yenye inatushinda. Biashara inabadilika: mashini mupya, mutu mupya, munumuzi mupya. Karatasi yenyewe inabaki pale pale, inakuwa njano, na siku moja inaanza kusema uongo. Karatasi yenye kusema uongo ni mbaya kuliko ukuta mutupu, juu ukuta mutupu hauna mwenye anauamini.

Sisi tunafanya hivi.

Kila karatasi ina mwenyeji mumoja. Anayeifanya kazi ndiye mwenyeji wake, hapana agronomu. Mimi ninaandika, yeye anakubali ao anakataa. Kitu cha watu wote hakina mwenye kukipangusa vumbi.

Kila karatasi ina namba ya toleo. Mupya ikitundikwa, ya zamani inatolewa ukutani siku ile ile. Moja inabaki kwenye farde ya ofisi, zingine zinachomwa. Hiyo tuliijifunza kwa uchungu kidogo: kijana mumoja wa depo alikuwa amepiga foto ya karatasi ya zamani, akaendelea kuifuata kwenye WhatsApp mwezi muzima. Sasa tumekubaliana: foto yenye haionyeshe namba ya toleo, usiifuate.

Kwenye kila mahali pa kazi, kaye inaninginia na biki kwa kamba. Mutu akiona karatasi inasema hivi na kazi inataka vile, anaandika mustari mumoja: tarehe, kilichotokea, alichofanya. Mwenye hawezi kuandika anamwambia mwingine. Na hapa sharti ni moja: hakuna mutu anaazibiwa juu ya kuandika kwenye kaye. Siku mutamuazibu mumoja, kaye itabaki safi mpaka mwisho wa dunia, na nyie mutafikiri mambo yote iko sawa.

Tunasoma zile kaye pamoja mara mbili kwa musimu: mbele ya matunda kuanza, mwezi wa pili hivi, na katikati, mwezi wa tano, wakati joto linaanza kubadilika. Saa moja inatosha, na chai. Mbali na hizo, karatasi inaangaliwa mara moja kama kitu kimoja kati ya vitatu kimetokea: chombo kipya, mutu mupya, ao hasara.

Mufano wa chombo kipya: tulipopata mashini ya kupima unyevu, karatasi ya meza ilikuwa ingali inasema "uma mbegu na meno". Wengine wakapima na mashini, wengine wakauma na meno, na kwenye depo kahawa ikaingia na unyevu mbalimbali. Shida haikuwa mashini, haikuwa meno. Tulileta chombo bila kubadilisha karatasi.

Mufano wa mutu mupya: wa kwanza kusoma utaratibu kila musimu ni mwenye ameingia jana. Yeye ndiye anaona mashimo. Sisi tuliokaa, macho yetu inayaruka.

Woga wa muzee

Kuna jambo lingine, na bila hilo ningekuwa ninawadanganya. Wakati nilikuwa ninaandika zile siku mbili, muzee akaniuliza, bila kuniangalia: "Mutoto wangu, ukiisha kuandika yote yenye niko nayo, mutanifukuza?"

Sikuwa na jibu tayari. Na kusema kweli, ulizo lake lilikuwa na sababu. Wiki ile ile mukubwa wa stasio alikuwa ameniuliza, kama muzaha, kama kijana hangeweza sasa kushika tanki peke yake kwa mushahara mudogo.

Tukisema watu "wanakataa mabadiliko", mara mingi hatujauliza wanaogopa nini. Ujuzi wa yule muzee ndio kiwanja chake, hana kingine. Mimi ninakuja na biki kupima mipaka ya kiwanja chake na kuitia kwenye jina la kampuni. Nani angecheka?

Nikarudi kwa mukubwa na hesabu, juu hesabu ndiyo luga yake. Hasara ya tanki moja ilikuwa imepita tofauti ya mushahara kati ya muzee na kijana kwa musimu muzima. Na ile karatasi bila mwenye kuitunza, kwa miaka miwili itakuwa uongo tena. Tukakubaliana: muzee awe mukubwa wa tanki, mwenyeji wa karatasi, na mwalimu wa wapya, na aongezewe kitu kidogo. Kidogo kweli. Lakini iliandikwa. Pale ndipo alianza kunieleza vitu vyenye sikuwa nimeuliza.

Basi wewe mwenye utapewa kazi ya kuandika utaratibu mahali fulani, mbele ya kufungua kaye, uliza: mwenye kunipa ujuzi wake atapata nini? Kama jibu ni "hakuna kitu", atakupa nusu, na nusu ya utaratibu ndiyo iliharibu kahawa yetu.

"Lakini utaratibu unaua akili"

Rafiki mumoja aliniambia hivyo, na sikatai yote. Kuna karatasi zenye zinaua akili, niliandika moja. Lakini angalia vizuri: mutu mwenye hahitaji tena kukumbuka saa, kilo, na tanki gani, kichwa chake kinabaki na nafasi ya kunusa. Utaratibu unabeba vitu vya kila siku ili akili ibaki kwa vitu vya siku moja moja.

Usifikiri hiyo ni ya kahawa tu. Wengi wenu muna kazi ndogo ndogo. Dada mwenye kabanda ya kutuma feza kwa telefone: mangaribi unahesabu feza ya mukono mbele ao feza ya telefone mbele? Ndugu yako akikaa pale siku mbili, anajua? Kama hesabu zikikosana dola 5, anafanya nini, anaita nani? Mwenye kufuga kuku: kanjo ya wiki ya kwanza, nani anajua siku gani imepita? Imeandikwa kwenye mulango ao iko kichwani mwa mumeo? Mwenye sekreteria ya kupiga kopi: mutumishi akiharibu karatasi za muteja, anaruhusiwa kumurudishia feza bila kukungojea?

Usianze na kurasa 14. Chukua kazi moja, ile yenye ikiharibika inakuuma. Iangalie siku mbili. Andika ukurasa mumoja. Mupe mwenye hajui, funga kinywa. Tia namba, tia mwenyeji, ninginiza kaye. Nyuma ya mwezi, soma kaye. Kama kaye iko tupu, usifurahi haraka: uliza ni nani anaiogopa.

Yule kijana angali pale. Musimu uliopita nilikuwa nimeshuka Bukavu, reso ilikatika siku mbili, na muzee alikuwa mugonjwa. Niliporudi nilikimbilia tanki mbele ya kunywa maji. Kahawa ilikuwa kwenye meza, nzuri. Nikafungua kaye. Alikuwa ameandika, na biki ya bulu, mistari inapanda: "Joto. Saa 03h20 fimbo ilibaki wazi. Niliosha. Sikuuliza mutu."